Kombo, ile sanduku yako ya posta

Kombo ndugu yangu, salamu nyingi, na Mama Zuhura umsalimie, mwambie achari ilifika na Hamisi akaimaliza peke yake siku ileile. Najua nimenyamaza sana. Sikukasirika, nilikosa pa kuanzia tu.

Nyumba ya Mtwapa imeuzwa. Si "wanataka kuuza" kama nilivokwambia kwa simu, benki imeshaipiga mnada kwa lile deni langu, nyundo imegonga na mie nimesimama kule nyuma nimevuta kofia ya Hamisi mpaka machoni nisijulikane, kana kwamba kuna mtu alikuja kunitazama mie. Dalali ana sauti nzuri wallahi, angefaa kunadi samaki. Watu watatu tu waliopiga bei, dakika kumi, milioni 4.9, kwisha.

Sasa sikiza, hii ndo inaninyima usingizi. Mthamini wa benki wenyewe alisema bei ya soko ni milioni 6.5. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana siku hiyo ya kuuza, na ikishuka chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi basi inachukuliwa amekosea mpaka ajitetee mwenyewe. Haya piga hesabu, robo ukiitoa kwa 6.5 inabaki 4.875. Wao wameuza 4.9. Elfu 25 Kombo! Wameniponyoka kwa elfu 25, bei ya ile friji kuukuu ya Mwanaisha, na sasa ni mie nitafute ushahidi kwamba walizembea. Wakili ati kesi bado ipo. Najua wakili hula kwa kesi ikiwepo.

Na kitu sikukwambia, nilienda korti kabla ya mnada kuomba zuio. Nikabisha hesabu ya riba, nikaambiwa kubishania deni ni kiasi gani hakusimamishi mnada. Nikataka waelezwe ule mwembe wa marehemu baba, jibu likaja kwamba nilipoiweka rehani niliigeuza bidhaa, ina bei yake, na benki ikionekana imekosea, pesa inazo, itanilipa fidia, kwa hivo hakuna hasara isiyolipika. Kuna kesi ya Giella ya 1973, mawakili wanaitaja kama bismillahi, humo ndo mna hicho kipimo. Mwembe ulipwe fidia, sijui kwa kilo? Mwanaisha naye alisaini karatasi zote za rehani kwa hivo mlango wa mke hakuulizwa pia umefungwa. Na nyundo ikishagonga, kifungu cha 99 kinamkinga mnunuzi, hana haja ya kuuliza kama notisi zilifika au hazikufika. Labda nithibitishe alikuwa kwenye ujanja, na mie hata sura yake sikuiona vizuri, ile kofia. Nyumba hairudi. Mie na benki tu tumebaki, tena wanasuasua hata na salio langu, karibu milioni 1.4 ukitoa deni na gharama.

Haya, lililonifanya niandike ni notisi. Kuna ile ya miezi mitatu ya kulipa, halafu ile ya siku 40 ya kuuza. Mie sikuona hata moja. Benki wameleta risiti za posta, rejista, zimetumwa kwa sanduku lililoandikwa kwenye hati ya rehani. Kombo, ni sanduku lako. Unakumbuka langu lilifungwa kwa ajili ya kodi nikakuomba nitumie lako? Sikubadilisha tena. Na kwa korti yatosha, wametuma pale nilipowaelekeza mwenyewe, hawana kazi ya kuja kunibishia hodi.

Sikulaumu. Nasema tena sikulaumu, Mwanaisha ndo anaongea ongea, mie hapana.

Lakini wakili kasema jambo moja nikakaa kitako. Barua ya rejista isipochukuliwa kaunta, posta humrudishia mtumaji. Sasa kama zilirudi, benki walizishika mikononi, walijua sijapata, wakaenda mnadani kimya kimya, na hapo angalau ana pa kuwabana. Na kama zilichukuliwa basi hiyo hoja imekufa, nijue niache kupoteza pesa.

Kwa hivo niambie ukweli tu. Mwaka jana baada ya Ramadhani ufunguo ulikuwa kwako au kwa Mwinyi? Uliona kile kikaratasi cha posta cha kuitwa kaunta, chenye jina langu? Ulikwenda? Au ulizichukua zikabaki kwenye dashibodi ya pikapu kama kadi ya arusi ya Mwinyi? Hata ikiwa hivo niambie, sitamwambia Mwanaisha. Na posta pale kaunta bado yupo yule mama mwenye miwani, mna daftari la kusaini, waweza kumuuliza kwa heshima kama sahihi yako imo?

Wakili anaandika afidaviti, ile hati ya kiapo ya korti, Alhamisi. Nipigie kabla, usitume meseji, simu anashika Hamisi.

Nduguyo,
Juma