Risala ya Kikundi cha Wasomaji wa Historia kwa Mgeni Rasmi, Saba Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wetu wa dini, wazee, walimu, wanachama wenzetu na wageni waalikwa, itifaki ikiwa imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu katika siku ya mapumziko ambayo ungeweza kukaa na familia yako. Tunajua una mialiko mingi leo. Karibu sana, na ujisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu kilianza na watu sita chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa, leo tupo 27. Kazi yetu ni hii: kila tarehe ya mwaka ina kadi yake, na juu ya kadi hiyo tunaandika kwa mkono yaliyotokea siku hiyo, nani alizaliwa, nani alifariki na nini kinaadhimishwa. Kadi ni 366, maana 29 Februari nayo ina watu wake. Kila asubuhi kadi ya siku hubandikwa kwenye ubao nje ya chumba chetu, na wanafunzi huisoma wakienda shule. Tunasema kwa kujiamini kwamba hazina ya aina hii haipo katika mtaa mwingine wowote wa wilaya hii. Timu yetu ya chemsha bongo ilishika nafasi ya pili ngazi ya kata, na cheti chake kipo mezani mbele yako.

Kadi ya leo ndiyo iliyojaa kuliko zote, hata tumeandika mpaka nyuma. Tarehe 7 Julai 1954, hapo Dar es Salaam, chama cha TAA (Tanganyika African Association) kiligeuzwa kuwa TANU, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Rais wake, na miaka saba baadaye, 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa huru. Vijana wengi wanaoijua Saba Saba kwa maonesho ya biashara tu hushangaa wakisoma hapo. Kwa ndugu zetu wa Kenya tarehe hii ni ya 1990, watu walipojitokeza kudai vyama vingi huku wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia wakiwa wameshakamatwa siku tatu kabla, na wapo waliouawa kwa risasi. Mwaka 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Mwaka 1998 mwanasiasa Moshood Abiola wa Nigeria alifariki akiwa kizuizini, na mwaka 2005 mabomu katika treni na basi jijini London yaliua watu 52. Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa heshima hiyo. Mstari huo tumeuandika kwa wino mwekundu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hayo ni mafanikio. Sasa tunaomba utuvumilie, kwa sababu lililotufanya tukuandikie barua ya mwaliko mapema namna ile ni jambo moja, nalo ni paa.

Chumba chetu kilikuwa stoo, na tunaishukuru Serikali ya Mtaa kwa kutupatia. Mabati yake ni ya zamani, yameliwa na kutu, na ukisimama ndani mchana unaona mwanga juu kama nyota. Kiangazi tunafanya kazi vizuri. Masika ndiyo shida.

Masika yaliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Mtunza kadi alipofungua asubuhi alikuta maji yamepita kwenye tundu la upande wa mlango na kumwagikia rafu ya pili, lilipokuwa boksi la mwezi wa Aprili. Kati ya zile 366, tulikuwa tumefikisha kadi 262 zilizoandikwa. Siku hiyo zikaharibika 19, na ndiyo maana leo tunakusomea kadi 243. Kadi ya 26 Aprili neno Muungano lilibaki, lakini mwaka 1964 ulifutika wote. Kadi ya 7 Aprili, yenye kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972, iligandana na ya 12 Aprili. Tulizianika kwenye mkeka, tukajaribu kuziachanisha kwa kisu cha mezani, taratibu, na bado ile ya 12 ilichanika vipande vipande.

Tunaomba ulielewe hili vizuri, Mheshimiwa. Kadi ya 12 Aprili ilikuwa na safari ya Yuri Gagarin angani mwaka 1961, na kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine katika ajali ya gari kule Dakawa, Morogoro, mwaka 1984. Hayo tutayanakili tena, yamo vitabuni. Lakini nyuma ya kadi hiyo kulikuwa na maelezo ya mzee mmoja wa mtaa huu: alikuwa wapi siku ile ya msiba wa Sokoine, redio ilikuwa ya nani, na jinsi mama mwenye nyumba alivyoacha kupepeta mchele, akakaa chini akiwa na ungo mapajani, bila kusema neno. Mzee yule alitusimulia Januari. Februari tukamzika. Maneno yake hayamo katika kitabu chochote, na tulikuwa na nakala moja tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Suala hili si geni kwa wageni wetu. Miaka mitatu iliyopita, katika siku kama ya leo, mgeni rasmi aliyesimama hapo ulipo alituahidi mabati kabla ya masika, na tulimpigia makofi kwa moyo wote. Wiki iliyofuata fundi alikuja na futi kamba, akapima, akaandika vipimo kwa penseli ukutani. Vipimo hivyo bado vinasomeka. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alirudia ahadi ile na kuongeza kabati la chuma. Tumeandika barua nne. Mbili zilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa, na tunashukuru kwa majibu hayo. Hatuna shaka kwamba waliotuahidi walikuwa na nia njema, na hatukusudii kumlaumu mtu. Ila kwa kuwa kazi yetu ni kuandika yaliyotokea, ahadi zile mbili nazo zimo kwenye kadi ya 7 Julai, upande wa nyuma, pamoja na miaka yake. Wanafunzi huzisoma, na hutuuliza.

Nasi hatukukaa tukisubiri. Wanachama wamechangia mbao zote za kenchi, misumari ipo, na mafundi wawili ni wenzetu, watafanya kazi bila malipo. Katika akaunti yetu tuna shilingi 415,000, ambazo tumezitenga kwa siling bodi. Kinachotushinda ni mabati 34 ya geji 28, na kabati moja la chuma lenye kufuli. Hatuombi jengo jipya wala kompyuta, na hata viti hivi mlivyokalia tutaendelea kuviazima.

Ombi letu la mwisho, Mheshimiwa, ni dogo kuliko mabati. Tunaomba utupe tarehe. Vuli huanza Oktoba, na kuezeka chumba kile ni kazi ya siku mbili. Katibu amekuja na kadi za Agosti na Septemba ambazo bado hazijaandikwa kitu. Tunakuomba, kwa heshima zote, utakaposimama kuzungumza nasi uchague mojawapo, uandike kwa mkono wako kwamba siku hiyo mabati yatafika. Kadi hiyo tutaibandika ubaoni leo hii, na itakaa hapo mpaka tarehe yake.

Katibu anakuja kukukabidhi kadi na kalamu. Tunaomba kuwasilisha.