Mhariri, anzeni na chambo, rili baadaye

Mhariri,

Naandika kuhusu ile makala yenu ya vifaa vya kuvulia besi, yule samaki wa maji baridi mwenye mdomo mkubwa, iliyowaambia wanaoanza kwamba wanunue kwanza rili, ile mashine ya kukunjia mshipi wa ndoana, nzuri kabisa wanayoweza kumudu alafu ufito na mshipi vitajipanga vyenyewe. Mimi ni mvuvi wa besi, na vijana wananiuliza sana wanunue nini, na kusema kweli ushauri ule umeniuma kwasababu mtu akiufuata anaishia na rili inayong'aa imefungwa kwenye ufito usioendana nayo, mshipi hauendani na chochote, anaenda ziwani anarusha anaona chambo kinaanguka hatua chache tu mbele yake, anadhani yeye ndo hawezi kuvua. Anaweza vizuri tu. Vifaa ndo havijui kufanya kazi pamoja.

Kuchagua kunaanza na chambo. Uzito wa chambo unachotaka kurusha ndo unaamua ufito, chambo pamoja na mahali unapovua vinaamua mshipi, na rili inakuja mwisho kubeba hayo yote. Chukua ufito wowote wa besi uangalie juu kidogo ya mpini, utakuta wameandika uzito wa chambo na nguvu ya mshipi, tuseme gramu 7 mpaka 18 na pauni 8 mpaka 14. Wengi hawasomi pale. Ufito unarusha kwa kupinda na kurudi, kwa hiyo chambo kikiwa chepesi mno haupindi na unabaki unarusha kwa nguvu za bega tu, kikiwa kizito mno unapinda kupita kiasi na siku yoyote unakatika mkononi. Mtu akijua tu kwamba chambo chake kikubwa ni gramu 14 tayari nusu ya fito zote dukani zimeshaondoka kwenye hesabu.

Makala yenu ilichanganya pia nguvu ya ufito na namna unavyopinda, mambo mawili tofauti kabisa. Nguvu ndo zile herufi, ML, M, MH, H, yaani mwepesi kidogo, wa kati, wa kati kwenda mzito, na mzito. Inakwambia ufito unahimili mzigo kiasi gani. Kupinda ni habari ya wapi: kuna unaopinda nchani peke yake, na kuna unaopinda mpaka katikati. Huu wa nchani ni mkali, ukiuvuta tu ndoana inaingia, na ndo unaoutaka ukivua na mnyoo wa plastiki au jigi, ile ndoana yenye kichwa kizito cha chuma, sababu pale ndoana moja nene inabidi itoboe plastiki kwanza alafu itoboe mdomo wa samaki. Lakini ukivua na kile kisamaki cha plastiki chenye ulimi wa kuzamia na ndoana za meno matatu, mkali huo huo unakuharibia. Besi anafungua mdomo ghafla anavuta maji na chambo kwa pamoja, na zile ndoana ndogo mara nyingi zinamshika juu juu tu, kwa hiyo ukimvuta ghafla kwa ufito mkali unamnyang'anya chambo kabla hajakifunika, au ngozi inachanika akiruka na kutikisa kichwa. Hapo unataka ufito laini, wengi wanapenda wa faibaglasi au uliochanganywa na kaboni, unaopinda polepole ukampa samaki sekunde ya kumeza. Watu wanalaumu ndoana butu wakati ni ufito.

Urefu sitaki kuuongelea sana. Futi 6 na nusu mpaka 7 zinatosha karibu kila kitu, mrefu zaidi unarusha mbali na unakusanya mshipi uliolegea haraka, mfupi ni mzuri chini ya matawi. Ila mtu akiushika na rili ikiwa imefungwa auweke juu ya kidole mbele kidogo ya rili aone kama unakaa sawa, maana ufito unaolala mbele utauchosha mkono mpaka hausikii tena samaki akigusa.

Sasa mshipi. Hapa ndo nilitegemea makala ikae muda mrefu, na mkapita mstari mmoja: "chagueni mshipi imara". Imara kwa nini jamani? Besi mkubwa kuliko wote anayejulikana kwenye rekodi za dunia alivuliwa na George Perry huko Georgia, Marekani, mwaka 1932, pauni 22 na aunsi 4, ni kama kilo 10, na ilibidi kusubiri mpaka 2009 ndo Manabu Kurita akamfikia kule ziwa Biwa, Japani. Hao ndo wakubwa wa dunia nzima. Besi wa kawaida ni kilo moja, mbili. Kwahiyo kwenye maji ya wazi mshipi wa pauni 8 unamtosha kabisa mradi dragi, yaani ile breki inayoachia mshipi samaki akivuta, imewekwa vizuri. Mbona basi kuna watu wanavua na mshipi wa pauni 50? Ni kwa ajili ya magugu. Besi anapenda kukaa penye majani, visiki na magogo, akishikwa anarudi humo humo, na ukimtoa unamtoa na majani yake yote, ndo mzigo wenyewe huo. Ukivua na chura bandia juu ya majani mazito pauni 50 mpaka 65 za mshipi wa kusuka siyo kujionyesha, ndo kazi inavyotaka, na ufito hapo uwe H. Ila mtu wa maji ya wazi akinunua huo atapata kamba isiyorusha chambo chepesi na samaki wa maji meupe wanaiona.

Mishipi ni mitatu na kila mmoja una tabia yake. Nailoni inavutika sana, inaelea kidogo au inazama taratibu, inakubali fundo lolote, na ndo rahisi. Kuvutika kwake ni kasoro ukiwa mbali na samaki unataka ndoana iingie, lakini ni msaada mkubwa na vile vyambo vya ndoana za meno matatu, inafanya ile kazi ya kumpa nafasi. Ubaya wake jua linaila na inashika umbo la spuli, yaani kile kibiringo cha rili kinachokunjiwa mshipi, inatoka kama chemchemi, kwa hiyo inabadilishwa mara kwa mara na watu hawabadilishi.

Florokaboni ni nzito kuliko maji karibu mara moja na robo tatu, inazama, na inapindisha mwanga karibu na maji yenyewe kuliko nailoni ndo maana haionekani sana. Nzuri kwa jigi na minyoo chini kwenye mawe, inavumilia kusuguliwa. Lakini kuna imani kwamba haivutiki, siyo kweli, inavutika, sema inachelewa kuanza kwa hiyo unasikia mguso vizuri zaidi. Na msiwaambie watu wafunge florokaboni kwenye chambo cha juu ya maji! Inazama inavuta pua ya chambo chini na mchezo wote unakufa. Hiyo picha kwenye makala yenu ya chambo cha juu ya maji na maelezo ya florokaboni pembeni yake naomba mrekebishe.

Mshipi wa kusuka hauvutiki karibu kabisa, ni mwembamba ajabu, wa pauni 30 unene wake ni kama nailoni ya pauni 8, na unaelea. Unasikia kila kitu. Unakata majani kama msumeno. Lakini kwenye mawe makali unaisha haraka, na kwenye maji meupe unaonekana, kwahiyo watu wanaunganisha kipande cha florokaboni mbele, futi chache mpaka urefu wa ufito mara mbili, kwa fundo la uni mbili au FG. Fundo la kufunga ndoana moja kwa moja kwenye mshipi wa kusuka liwe Palomar, yale ya kuzungusha zungusha yanateleza. Na fundo lolote, la mshipi wowote, lowesha kwa mate kabla hujalikaza, msuguano mkavu unatoa joto na joto linaua mshipi pale pale penye fundo, alafu mtu anasema samaki alikuwa mkubwa mno.

Jambo lingine la mshipi wa kusuka ambalo linaumiza wageni wengi sana, ukiufunga moja kwa moja kwenye spuli laini unateleza wote kwa pamoja, unazungusha rili na samaki haji, utadhani dragi imekufa. Tangulizeni mizunguko kadhaa ya nailoni chini yake. Na spuli ya spining, ile rili inayoning'inia chini ya ufito, ijae mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufika ukingoni, ikipungua sana unapoteza umbali, ikizidi mizunguko inatoka yenyewe.

Ndo tunafika kwenye rili. Kwa anayeanza mimi nasema spining ya saizi 2500 au 3000 bila kusitasita, kwasababu spuli yake haizunguki wakati wa kurusha, mshipi unajitoa wenyewe pembeni, kwa hiyo hata chambo cha gramu 3 au 5 kinaenda. Rili ya beitkasti ni tofauti, pale chambo chenyewe ndo kinaizungusha spuli kikiruka, chambo kikiwa chepesi hakina nguvu ya kuizungusha, na kikipunguza mwendo hewani spuli inaendelea kuzunguka, mshipi unarundikana ndani unajikoroga ovyo. Ndo maana zina breki mbili za spuli, moja ya sumaku au ya kusukumwa na mzunguko, nyingine ule mkazo wa pembeni, na ndo maana kidole gumba lazima kijifunze kazi. Ina faida zake za kweli, inabeba mshipi mnene, inavuta kwa nguvu, unalenga vizuri karibu na visiki. Lakini ni ya mtu anayerusha gramu 10 kwenda juu, na makala yenu ilimpa mtoto wa shule anayeanza na minyoo midogo.

Idadi ya beringi, yale magololi ya ndani ya rili, mliyoisifu hivyo, Mhariri, haina maana kubwa. Rili yenye chache nzuri inapita yenye nyingi mbovu. Angalieni dragi inaachia kwa ulaini bila kushtuka, maana mshipi mwembamba unakatika pale dragi inaposhtuka. Angalieni pia sentimita ngapi mshipi unaingia kwa mzunguko mmoja wa mkono. Kwenye beitkasti ile namba 5 kwa 1, yaani spuli inazunguka mara 5 mpini wa rili ukizunguka mara moja, ni ya polepole yenye nguvu, inafaa vile visamaki vinavyozama sana na kuvuta maji mengi, 7 kwa 1 ni ya haraka, inafaa jigi na minyoo ambapo ufito ndo unafanya kazi na rili inakusanya tu mshipi uliolegea.

Dragi yenyewe iwekwe kwa mizani ya ndoana, ile ya kupimia samaki, siyo kwa kuvuta kwa mkono na kukisia. Robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa pauni 8 ni kama kilo moja hivi, na uvute mshipi ukiwa umepita kwenye pete zote za ufito kwasababu pete zinaongeza msuguano. Hili halikutajwa kabisa.

Kuna na wanaotumia mkono wa kushoto. Spining mpini wake unahamishwa upande wowote, beitkasti haihamishwi, unanunua ya kushoto au ya kulia na ndo imetoka hiyo. Mtu akiagiza bila kujua analazimika kubadilisha mkono kila akirusha au aiuze.

Kwa hiyo ninachoomba ni mchapishe tena mwongozo wa anayeanza: ufito wa futi 6 na nusu mpaka 7, M, unaopinda nchani, unaobeba gramu 7 mpaka 18, spining ya 2500, nailoni ya pauni 8, au wa kusuka pauni 10 mpaka 15 na florokaboni ya pauni 8 mbele. Na ikiwa pesa ni kidogo ziende kwenye ufito na mshipi kabla ya rili. Na mwandishi wenu akipenda niko tayari kukaa naye na fito mbili tatu za nguvu tofauti arushe chambo kile kile kwa kila mmoja, aone mwenyewe kinaanguka wapi, kabla hajaandika tena.

Wenu,
Msomaji na mvuvi wa besi