Wale wapigaji wa mwanzo wa besiboli

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Umeuliza ni nani aliyekuwa na wastani mkubwa wa upigaji kuliko wote katika besiboli ya kulipwa ilipokuwa changa kule Marekani, na mbona majedwali hayapatani. Jibu la haraka ni Levi Meyerle wa Philadelphia Athletics, 0.492, mwaka 1871. Lakini usiliandike kwa wino bado.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: mipigo iliyomfikisha mtu salama kwenye besi (vile vituo vya uwanjani ambavyo mpigaji huvikimbilia), gawanya kwa zamu zake za kupiga, ishia tarakimu ya tatu. (Ya kriketi ni nyingine kabisa, usizichanganye.) Meyerle alipata mipigo 64 katika zamu 130, mechi 26 tu. Mpunguzie mipigo minne, anaporomoka hadi 0.462. Sasa mchukue Hugh Duffy wa Boston, 1894: mipigo 237, zamu 539, yaani 0.440. Naye mpokonye minne, anabaki na 0.432. Kwangu mimi Duffy ndiye mwenye wastani wa kuaminika, ingawa naye alibebwa na wakati. Mwaka 1893 warushaji walisogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6 kutoka kibao cha mpigaji, na wapigaji wakaneemeka. Msimu huohuo wa Duffy, Philadelphia Phillies walikuwa na wapigaji Delahanty, Hamilton na Thompson, wote juu ya 0.400.

Ross Barnes wa Chicago, 0.429 mwaka 1876, ana kisa chake. Enzi hizo mpira ulikuwa halali mradi ugonge ardhi kwanza ndani ya mstari wa pembeni, hata ukitoka nje papo hapo. Barnes aliugonga chini karibu na miguu yake, ukadunda na kujiviringisha nje ya mstari. Mlinzi wa besi ya tatu anaukimbilia huko pembeni, Barnes keshafika besi ya kwanza. Mwaka 1877 sheria ilibadilishwa, naye akashuka hadi 0.272. Watu huilaumu sheria peke yake, lakini mwaka huo Barnes aliugua na akacheza mechi 22 tu.

Penye mtego hasa ni 1887. Mrushaji akirusha mipira mibovu mitano, mpigaji alipewa besi bure, kama kawaida. Ila mwaka huo pekee besi hiyo ya bure iliandikwa kuwa mpigo. Juu ya hayo, mpigaji alitolewa kwa makosa manne (kushindwa kuupiga mpira uliofaa kupigwa) badala ya matatu. Tip O'Neill wa St. Louis alikuwa na mipigo 225 katika zamu 517: 0.435. Ongeza besi zake 50 za bure juu na chini, upate 275 kwa 567, na ghafla ni 0.485. Kosa la wengi ni kuziongeza juu tu na kusahau chini.

Na huko National League, ligi kuu nyingine ya wakati huo, ndiko bingwa mwenyewe hubadilika. Cap Anson wa Chicago: 164 kwa 472, besi za bure 60. Sam Thompson, wakati huo yuko Detroit: 203 kwa 545, za bure 32. Kwa sheria ya 1887 Anson anaongoza, 0.421 dhidi ya 0.407. Ziondoe za bure, Thompson anampita kwa 0.372 dhidi ya 0.347. Mwaka 1968 kamati ya kumbukumbu za besiboli iliamua zisihesabiwe kuwa mipigo.

Kichekesho ni kwamba mwaka 1876 besi ya bure ilimwumiza mpigaji: ilihesabiwa kuwa zamu bila mpigo. Barnes alikuwa nazo 20, kwa hiyo ukimkuta mahali ana 0.404, ni 138 kwa 342, si kosa la uchapaji.

Basi kwenye jedwali lako weka safu ya mipigo, ya zamu na ya besi za bure kabla ya ile ya wastani. Safu ya mechi pia, kwa ajili ya Meyerle. Ukimaliza nitumie niipitie.

Wasalimie wa nyumbani.

Wako,
Sahibu yako