Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Mashambani mwa Herefordshire

Ndugu, jamaa na marafiki wapendwa,

Shikamooni wazee wetu, na ninyi wengine nyote nawasalimu kwa upendo, mlio Tanga na Muheza, mlio Mombasa na Nairobi, na ninyi ambao riziki imewapeleka mbali na nyumbani kama ilivyonileta mimi Uingereza. Nawaandikia wiki hii ya Krismasi kutoka Herefordshire, eneo linalopakana na Wales, lenye mashamba ya matufaha, ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe, na barabara nyembamba zilizobanwa na ua wa miti pande zote mbili.

Wengi wenu mmeniuliza mwaka huu ninaishije kijijini, mahali pasipo na duka wala basi la jioni. Ninaishi vizuri, namshukuru Mungu, na sababu kubwa ni marafiki niliowapata kupitia ukumbi wa kijiji, filamu zinazoonyeshwa humo na sikukuu za huku.

Ili mnielewe, fikirini kwanza juu ya giza. Mwezi huu jua huzama yapata saa kumi jioni, ilhali Juni mwanga hudumu hata baada ya saa tatu na nusu usiku. Mtu anayeishi peke yake anaweza kufunga mlango wake Ijumaa na asionane na yeyote hadi Jumatatu. Si kwamba majirani ni wabaya. Watu wa huku huona ni adabu kutomsumbua mtu nyumbani kwake, na ile desturi yetu ya kupiga hodi ili kujuliana hali tu hawajaizoea. Wakipata shughuli ya kuwatoa nje, hutoka, na wakishatoka ni wakarimu kweli.

Ukumbi ndio unaowapa shughuli hiyo. Kumbi nyingi za vijiji vya Uingereza zilijengwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kumbukumbu ya vijana ambao hawakurudi, na mpaka leo zinaendeshwa na kamati za watu wanaojitolea. Kuna mpango uitwao Flicks in the Sticks unaopeleka filamu katika kumbi za Herefordshire na Shropshire, ili mtu asilazimike kusafiri hadi mjini kutazama sinema. Siku ya filamu tunafika mapema, tunaziba madirisha kwa mapazia mazito, tunapanga viti na kuwasha birika kubwa la umeme. Watu huingia na mito yao ya kukalia, kwa kuwa viti vile ni vigumu. Katikati ya filamu taa huwashwa, chai na aiskrimu huuzwa, tiketi za bahati nasibu hupitishwa, na hapo ndipo nilipofahamiana na karibu kila mtu ninayemjua hapa. Zanzibar nako, Tamasha la Filamu la Kimataifa limewahi kupeleka filamu hadi vijijini, Unguja na Pemba, kwa hiyo wenzetu wa visiwani mnaielewa raha ninayoisema.

Mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi huja tamasha la filamu la Borderlines, lililoanza mwaka 2003, ambalo huleta filamu za mataifa mengi Hereford mjini na katika kumbi za mashambani. Huo ndio msimu wa kondoo kuzaa, kwa hiyo jirani yangu mfugaji huketi karibu na mlango, buti zake miguuni, asije akaitwa zizini kabla filamu haijaisha. Mwaka huu aliitwa. Kesho yake alinisimamisha barabarani nimsimulie mwisho wake, tukasimama kwenye baridi tukizungumza mpaka nikachelewa kazini, na tangu siku hiyo tumekuwa marafiki.

Sikukuu pia ziko nyingi. Ibada ya mavuno ya Septemba na Oktoba mngeitambua mara moja, maana inafanana sana na yetu. Inasemekana namna yake ya sasa ilianzishwa mwaka 1843 na kasisi Robert Hawker wa Morwenstow, huko Cornwall. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni wassail, inayofanyika karibu na tarehe 6 Januari, siku za Krismasi zinapokwisha. Usiku watu huenda na mienge katika shamba la matufaha, wakauzunguka mti mmoja, wakamwaga pombe ya tufaha shinani na kutundika matawini vipande vya mkate vilivyochovywa katika pombe hiyo. Kisha huimba na kugonga masufuria kwa nguvu ili miti iamke na izae vizuri. Zamani wakulima wa hapa waliwasha pia mioto midogo 12 na mmoja mkubwa katika shamba la ngano.

Nisiwafiche kwamba mwaka huu ulikuwa pia na huzuni, kwani nilifiwa na mama mdogo mwezi Agosti na sikuweza kuja kuzika. Majirani hawakujua desturi zetu za matanga. Waliacha chakula na kadi mlangoni, wakaondoka kimya, nami nilikaa ndani nikiumia kwa upweke. Ndipo bibi mmoja ninayeosha naye vikombe ukumbini alipopiga simu kuuliza kama aje tu kukaa nami. Alikaa hadi usiku, akauliza mama mdogo alikuwa mtu wa namna gani, na mimi nikamsimulia. Kwa wema huo namwombea Krismasi yenye baraka kama ninavyowaombea ninyi.

Kamati imekubali kuonyesha filamu ya Kiswahili mwakani, yenye maandishi ya Kiingereza, na kazi ya kuichagua imeachwa mikononi mwangu. Naombeni kila mmoja aniandikie kabla ya mwisho wa Januari filamu ambayo angependa majirani zangu waione, nami nitapika maandazi ya kuuza wakati wa mapumziko.

Krismasi njema, na heri ya Mwaka Mpya kwenu nyote.

Wenu, ndugu yenu wa Herefordshire.