Goti lililotoka kupasuliwa lisikandwe maji ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaouguza. Mtoto wa dada yangu, mcheza mpira, mwezi uliopita alipasuliwa goti kwa matundu madogo. Kesho yake akaruhusiwa, hakuelezwa kitu zaidi ya siku ya kutoa nyuzi. Usiku wa tatu goti likawa la moto. Bibi yake akachemsha maji, akatia majani ya mwarobaini, akamkanda kwa taulo. Nilipofika asubuhi goti lilikuwa limejaa hata pia ya goti haionekani, na kijana hawezi kulikunja.

Mama yangu simlaumu. Tumelelewa na neno "baridi yabisi", kwa hiyo kiungo kikiuma tunaamini kimeingiwa na baridi. Lakini mimi nimekaa chumba cha upasuaji miaka 22. Goti lisilo na ugonjwa, ndani, halifiki nyuzi 37 za mwili. Lina kama 32 au 33. Likipasuliwa hupitishwa maji ya chumvi, mifuko ya lita 3 ikining'inia, na maji hayo yana ubaridi wa chumba chenye kiyoyozi. Paja nalo mara nyingi hubanwa mkanda, damu isifike. Ukiligusa ni kama umeshika mtungi. Mkanda ukifunguliwa damu hurudi, uvimbe huanza, na joto hupanda kupita lile la mwanzo. Hilo ndilo lililomkesha kijana wetu.

Kuliongezea moto hapo ni kuongeza uvimbe. Na gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halipendi joto: mwaka 1974 watafiti walipima kimeng'enya (kemikali ya mwili inayomeng'enya vitu) kutoka viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi yenyewe, wakakuta kinakula gegedu kwa kasi mara 4 kwenye nyuzi 36 kuliko 33.

Tuligandisha chupa ya maji, tukaifunga kwa khanga, dakika 15 kwa 15, mguu juu ya mito. Siku ya nne pia ya goti ilionekana. (Ikiwa kuna homa, usaha au shavu la mguu linauma, usingoje barafu, rudi hospitali.)

Wakuu wa hospitali, nawasihi: nusu karatasi ya Kiswahili, asomewe mgonjwa pamoja na atakayemuuguza. Siku kijana anaruhusiwa, mama alikuwa nje kwenye benchi tangu alfajiri, na hakuna aliyemwita.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga