Mwanangu, Funika Mfano

Mwanangu mpendwa,

Jana uliponiambia kwamba maswali yote ya sura ya tatu ya kitabu chako cha fizikia uliyapata, kisha jaribio likakushinda, nilinyamaza kidogo kwenye simu. Nilijikumbuka. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilifanya kila kazi huku kitabu kikiwa wazi kwenye mfano, yaani swali ambalo kitabu chenyewe kimelifanya hatua kwa hatua: natazama mstari, nabadilisha namba, naandika. Daftari langu lilipendeza. Siku ya mtihani nilikodolea macho karatasi tupu.

Kwa hiyo nakuomba ubadilishe jambo moja. Mfano wa kitabuni usome mpaka uuelewe, kisha ufunike, uufanye mwenyewe tangu mwanzo. Utakapokwama, hapo ndipo ulipodhani unapajua. Weka alama, funua mstari huo mmoja tu, funika tena. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye maswali.

Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwasomesha wanafunzi wa chuo vifungu vya habari. Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Wiki moja baadaye, waliojipima bila kutazama ndio waliowapita. Wewe mtihani wako hauji baada ya dakika 5, mwanangu.

Na yale majibu ya nyuma ya kitabu, usiyaendee mpaka wewe mwenyewe uwe umelihukumu jibu lako. Chukua mpira unaorushwa wima kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Swali linauliza utapanda umbali gani. Kila sekunde unapoteza takriban mita 10 za mwendo huo, basi baada ya sekunde 2 hivi umesimama. Wastani wa mwendo wake ni mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo umepanda kama mita 20. Kanuni ikikupa 204, umeteleza kwenye nukta, na umeligundua kosa bila kufunua ukurasa wowote. Hesabu hiyo ya kichwani haichukui hata dakika moja, nami naithamini kuliko maswali kumi yaliyonakiliwa.

Andika hatua zote pamoja na vipimo vyake, kama mita na sekunde, hata kama msahihishaji hazidai. Anza siku ileile ulipopewa kazi, hata kwa maswali mawili, ili lile gumu ulale nalo.

Likikushinda kabisa, nenda kwa mhadhiri na karatasi yenye ulichojaribu. Ukisema tu "sijaelewa", atarudia somo zima. Ukimwonyesha mstari uliokukwamisha, atakusaidia papo hapo. Nilikuwa naona haya kufanya hivyo, na haya hiyo ilinigharimu mwaka mzima.

Nitakupigia Jumamosi. Nichagulie swali moja lililokushinda, unieleze umefika wapi.

Mama yako