Faili la kesi lihifadhi maneno ya shahidi mwenyewe

Mhariri,

Mjadala wa lugha ya mahakama ukizuka hapa Kenya huishia palepale: Kiingereza kibaki au kiachie Kiswahili nafasi. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililo karibu zaidi, linaloumiza watu hata katika korti ambazo Kiswahili kinasemwa kutwa nzima. Shahidi hujieleza kwa Kiswahili, karani hugeuza, hakimu huandika kwa Kiingereza. Jioni, maneno aliyoyatamka yule shahidi hayapo popote. Rufaa ikikatwa, majaji husoma Kiingereza kile na kukihesabu kuwa ndiyo kauli yake.

Kifungu cha 198 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kifungu kinachokitangulia, cha 197, huwa hakitajwi sana, nacho kina uzito wake: ushahidi kwa kawaida usiandikwe kwa mtindo wa swali na jibu, uandikwe kama simulizi. Kwa hiyo swali la wakili linapotea, linabaki jibu lililovishwa sentensi ambayo shahidi hakuitunga.

Tazama swali la kukanusha. Wakili anauliza, "Hukumwona usoni?" Shahidi anajibu, "Ndiyo." Kwa Mswahili maana yake ni ndiyo, ni kama usemavyo, sikumwona. Kiingereza huenda kinyume, kwani huko "yes" peke yake huelekea kumaanisha kwamba alimwona. Karani akigeuza neno kwa neno, na hakimu akaliunganisha kuwa simulizi, faili litasema shahidi aliuona uso wa mshtakiwa. Katika kesi ya utambuzi wa usiku, hiyo ndiyo kesi nzima. Dawa yake ni ndogo: jibu la namna hiyo lisipokelewe hadi shahidi amalize sentensi, "ndiyo, sikumwona" au "hapana, nilimwona", na hapo swali na jibu viandikwe vyote viwili. Sheria yenyewe inasema "kwa kawaida", haikumfunga hakimu mikono.

Mkono nao una kisa chake. "Alinikata mkono kwa panga." Karani anasema "hand". Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kueleza majeraha, inasema jeraha liko juu ya kiwiko, na sehemu hiyo kwa Kiingereza ni "arm". Wakili wa utetezi anasimama: shahidi na daktari wanapingana. Hawapingani hata kidogo. Kiswahili kinaita mkono kuanzia begani hadi kwenye vidole, kama kinavyoita mguu kuanzia nyongani hadi kwenye unyayo. Shahidi aombwe aonyeshe, na hakimu aandike: anaonyesha mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Na katika sentensi ile ile kuna mtego wa pili. "Alinikata" haisemi mwanamume wala mwanamke. Kiingereza kinamlazimisha karani achague, naye huchagua "he", kwa kuwa mshtakiwa aliye kizimbani ni mwanamume. Shahidi ambaye hakujua aliyemkata ni nani sasa ana ushahidi wa jinsia usiotoka kinywani mwake.

Vivyo hivyo "mlango ulivunjika" na "mlango ulivunjwa". Wa kwanza umevunjika, hatujasema kwa nini. Wa pili una mtu aliyeuvunja. Kiingereza cha haraka huviandika vyote "was broken", na tofauti iliyokuwa ikimtetea mtu imefutika. Saa za Kiswahili zinajulikana, lakini makosa hayaishi: saa nane usiku ni saa mbili baada ya usiku wa manane kwa hesabu ya Kizungu, na tarehe imeshageuka. Kwa wazee wengi wa Pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ofisini huuita Alhamisi usiku. Hati ya mashtaka ikitaja tarehe moja na shahidi akakusudia nyingine, anaitwa mwongo.

Mahali pabaya kuliko pote ni pale mshtakiwa anapojibu mashtaka. Utaratibu umewekwa wazi tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mshtakiwa asomewe na kufafanuliwa shtaka pamoja na vipengele vyake vyote vya msingi, kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Yakiwa ni ya kukiri, kiongozi wa mashtaka aeleze ukweli wa tukio, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuupinga au kueleza lake. Akipinga, au akitaja jambo linaloonyesha hakukiri, korti iandike kwamba amekana. Asipobadilisha msimamo, ndipo ahukumiwe kuwa na hatia. Miaka zaidi ya 30 kabla ya hapo, katika kesi ya Yonasani Egalu ya 1942, mahakama ilikwishasema ni vyema mshtakiwa atakiwe kukubali au kukana kila kipengele, na asemayo yaandikwe kwa namna itakayoiridhisha mahakama ya rufaa kwamba alielewa.

Sasa chukua shtaka la wizi chini ya kifungu cha 268 kikisomwa pamoja na 275 cha Kanuni ya Adhabu. Mshtakiwa anaulizwa kwa mkato, "Uliiba baiskeli, kweli si kweli?" Anajibu, "Ni kweli niliichukua, alikuwa na deni langu." Faili linaandikwa: "It is true." Maneno matatu, na ndani yake hakuna deni. Sheria inataka kuchukua kwa ulaghai na bila dai la haki, na mtu huyu ametoa dai lake palepale, mbele ya watu wote. Huenda dai lenyewe lisisimame, lakini hilo huamuliwa baada ya kusikiliza ushahidi. Akifika kwenye rufaa, jaji atajuaje?

Mashtaka ya kuvunja nyumba yana hatari ya upande mwingine. Kifungu cha 303 cha Kanuni hiyo hiyo kinahesabu kuwa ni kuvunja hata kusukuma mlango, kuuvuta au kuufungua kwa ufunguo. Kwa Kiswahili cha kila siku aliyesukuma mlango uliorudishwa hakuvunja kitu. Ukimuuliza "ulivunja?" atakana jambo ambalo kisheria amelifanya, naye aliyevunja dirisha lake mwenyewe atakubali jambo lisilo kosa. Kipengele hakifafanuliwi kwa kutafsiri neno. Kinafafanuliwa kwa kumuuliza mtu alifanya nini: mlango ulikuwa vipi, uliushika wapi, uliingia kwa ruhusa ya nani.

Wataalamu wa isimu ya mahakama, yaani wanaochunguza lugha kama ushahidi, walianzia hapa hapa kwenye karatasi za polisi. Mwaka 1968 Jan Svartvik alichambua taarifa zilizodaiwa kuwa za Timothy Evans, aliyenyongwa London mwaka 1950 na kusamehewa baada ya kufa, mwaka 1966, akaonyesha kwamba ndani yake mna mitindo miwili ya lugha isiyolingana. Kesi ya Derek Bentley, kijana wa miaka 19 aliyenyongwa huko huko Uingereza Januari 1953, inatufundisha zaidi. Polisi waliapa kwamba taarifa yake aliisimulia mwenyewe bila kuulizwa maswali. Malcolm Coulthard, mtaalamu wa isimu hiyo, alihesabu. Katika maneno 582 ya taarifa ile, neno "then", yaani "kisha", limo mara 10, ilhali katika mazungumzo ya kawaida ya Waingereza alilikuta takriban mara moja katika kila maneno 500. Tena lilikaa baada ya kiwakilishi, "I then", mpangilio ambao mazungumzoni ni adimu mno na katika taarifa za maafisa wa polisi umejaa tele. Hukumu ya Bentley ilitenguliwa mwaka 1998, hasa kwa sababu ya jinsi jaji alivyoielekeza juri, yaani raia wanaoamua hatia, lakini hesabu ile ilionyesha bayana mkono wa mwandishi.

Huku kwetu mkono huo huonekana hata taarifa ikiwa ya Kiswahili. Mvuvi hasemi "mnamo majira ya saa mbili usiku nikiwa katika shughuli zangu". Hiyo ni lugha ya kituoni. Ikishatafsiriwa kwa Kiingereza, hata alama hiyo inafutika, na mtaalamu hana tena cha kuhesabu. Kenya imeweka ulinzi mzuri: ungamo halikubaliki isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Lakini mtu wa tatu akishuhudia mazungumzo ya Kiswahili yakigeuka karatasi ya Kiingereza, ameshuhudia nini hasa?

Naomba pia watoto wakumbukwe. "Alinifanyia tabia mbaya" ni kauli ambayo mahakama za Kenya zinaielewa kuwa ya staha katika kesi za unajisi. Ikiandikwa "bad manners" peke yake, inapoteza uzito. Ikiandikwa kwa neno zito la kisheria, utetezi utauliza mtoto wa miaka 7 amelijulia wapi, na watakuwa na haki kuuliza. Iandikwe kama alivyoitamka, halafu aulizwe taratibu kilichotendeka, maana sheria ya makosa ya kijinsia ya 2006 bado inadai uthibitisho wa tendo lenyewe.

Katiba, ibara ya 49 na ya 50, imempa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na mshtakiwa mkalimani bila malipo. Haki hiyo inashughulikia kile kinachoingia masikioni mwake. Kinachotoka kinywani bado hakina kinga ya kutosha. Karani ageuze kwa nafsi ya kwanza, "nilimwona" na si "anasema alimwona", la sivyo "a" mbili zinagongana na hajulikani nani alimwona nani. Asimamishe msemaji kila baada ya sentensi moja au mbili, maana mzigo ukizidi ataufupisha. Jina lake na lugha aliyoigeuza viandikwe kila siku ya kesi. Ungamo liandikwe kwa lugha iliyosemwa, na tafsiri iwe karatasi nyingine, yenye sahihi ya mtu mwingine.

Tutaambiwa kazi itachelewa. Hatuombi faili zima liwe la lugha mbili. Tunaomba jibu la shtaka, ungamo, na lile neno moja au mawili ambayo kesi inayategemea. Tusidhani pia kwamba Tanzania, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa sheria ya 2021, imelimaliza hili: anayetoa ushahidi kwa Kisukuma au Kimaasai anaandikwa kwa Kiswahili cha mtu mwingine, na mitego ni ile ile. Kwa upande wetu, pa kuanzia ni pale hakimu anapoandika jibu la mshtakiwa. Chini ya neno "Plea" paongezwe mstari mmoja, aandike ndani ya alama za kunukuu maneno yaliyotamkwa, kwa lugha iliyotumika.

Mtafsiri wa nyaraka za mahakama,
Mombasa